NVDA kwa mwanafunzi asiyeona chuoni: programu ni nzuri, vitini ndivyo vinavyoiangusha

NVDA humsomea asiyeona kwa sauti yaliyomo kwenye skrini ya kompyuta ya Windows. Michael Curran aliianza mwaka 2006, kisha akaungana na James Teh. Wote ni Waaustralia wasioona. Ni ya bure mpaka leo, na kwa mwanafunzi anayeishi kwa mkopo hilo peke yake linaipa nafasi mbele ya JAWS, programu nyingine ya kazi hiyohiyo, ambayo leseni yake hulipiwa.

Ipakue nvaccess.org. Huanza kuzungumza mara tu faili la kusakinisha linapofunguliwa, kwa hiyo mwenye kompyuta hahitaji kusomewa na mtu. Kama laptopu haina kitufe cha Insert, kwenye dirisha la kwanza chagua Caps Lock ishike nafasi yake. Amri za kuanzia ni chache: Ctrl hunyamazisha, Insert+T hutaja jina la dirisha, Insert+N hufungua menyu ya NVDA, na kwenye tovuti herufi H hukurusha kutoka kichwa cha habari hadi kingine. Kwenye maabara ya chuo, ambako mwanafunzi haruhusiwi kusakinisha kitu, menyu ya zana hutengeneza nakala ya kubeba kwenye flashi. Hiyo ndiyo sifa tunayoipenda kuliko zote. Chomeka flashi, vaa hedifoni, anza kazi.

Sauti yake ya eSpeak inajua Kiswahili, ingawa ni kavu na masikio huchukua siku kadhaa kuizoea. Tatizo huja pale insha ya Kiswahili imeandikwa kwenye Word iliyowekwa lugha ya Kiingereza: NVDA hufuata alama hiyo na kuanza kuyatamka maneno kama Mwingereza. Aliyeandika achague maandishi yote na kuyawekea lugha ya Kiswahili. Msomaji naye anaweza kuzima ubadilishaji wa lugha kwenye mipangilio ya sauti.

Sasa vitini. Mhadhiri akiskani kurasa za kitabu na kuzituma kama PDF, kwa NVDA hizo ni picha tu, na mwanafunzi haambulii kitu. Insert+R (Windows 10 na kuendelea) hujaribu kuzitambua herufi, lakini hushughulikia kinachoonekana kwenye skrini wakati huo tu, majedwali huvurugika, na mwandiko wa mkono huishinda. Kurasa 60 kwa mtindo huo ni adhabu, na si haki kumpa mtu adhabu ambayo wenzake hawaijui. Tiba iko kwa mhadhiri: atume faili la Word lenyewe, vichwa vya habari aviweke kwa mtindo wa Heading badala ya kukoleza wino tu, na kila mchoro auandikie maelezo ya sentensi moja au mbili.

Wa hisabati wanahitaji uangalifu zaidi. Mlinganyo uliobandikwa kama picha hausomeki. Ulioandikwa kwa zana ya milinganyo ya Word husomeka, ukiwa na MathCAT, zana inayoiwezesha NVDA kutamka milinganyo.

Na faili limfikie mwanafunzi kabla ya kipindi. Likifika jioni, mwanafunzi huyo amekaa saa mbili darasani akisikia "kama mnavyoona hapa" bila kuwa na ukurasa wa kufuata.