Ekstensheni ya redio: nilinunua mbili, ya tatu nikafungiwa na fundi

Harufu ndiyo iliyonishtua. Jumapili mchana, rumba inatambaa taratibu, nimejilaza kwenye kochi, mara pua inanasa kitu kama ndala inayoungua. Nikadhani ampu, kile kikuza sauti cha redio. Nikaruka, nikazima, nikaigusa juu: vuguvugu tu, kama siku zote. Kuinama nyuma ya kabati nakuta ekstensheni imevimba upande mmoja, na plagi ya pasi imechomekwa katikati ya ampu na king'amuzi. Mama watoto alikuwa ananyoosha sare za shule. "Si tundu lilikuwa wazi?" akaniuliza. Sikuwa na jibu, maana tundu lilikuwa wazi kweli.

Ekstensheni yenyewe niliinunua barabarani Kariakoo kwa shilingi 8,000, zile zenye matundu yanayopokea plagi ya kila nchi. Jioni nikaifungua kwa bisibisi. Ndani nyaya mbili tu! Tundu la tatu, la athi (waya unaopeleka ardhini umeme unaovuja), lilikuwa pambo, halikuungwa na kitu chochote. Nikaukwangua waya kwa kisu: juu rangi ya shaba, ndani mweupe kama sufuria. Aluminiamu iliyovishwa shaba. Vibati vya kushika pini ni vyembamba kama kopo la soda, na kwa kuwa tundu limetengenezwa likubali kila plagi, hakuna plagi linayoishika sawasawa. Plagi inacheza, inatoa cheche, cheche zinaleta joto, joto linalegeza kibati zaidi. Pasi ilimalizia tu kazi iliyokwisha kuanza.

Hapo pia nikaelewa kwa nini kila nikipitisha kidole nyuma ya kompyuta nilikuwa nasikia kitu kinanitekenya. Kompyuta ile ina plagi ya pini tatu; imetengenezwa ikitegemea athi. Ukiinyima athi, umeme kidogo unaovuja kwenye vichujio vyake unabaki kwenye bodi lake la chuma, unakusubiri wewe.

Mtambo wangu si wa kutisha. Ampu ya Yamaha ya wati 60 kila upande, spika mbili za kusimama, sabufa, kompyuta ninamoweka muziki, tivii na king'amuzi. Vyote pamoja, hata nikifungulia sauti majirani wakanuna, sidhani kama navuka wati 500. Plagi yetu ya pini tatu bapa ina fyuzi ya ampea 13. Zidisha kwa volti 230 unapata wati 2,990. Kwa hiyo muuzaji akianza kukusifia wati za ekstensheni ya redio, mwache amalize, kisha muulize habari ya waya na athi.

Ya pili ilikuwa ya kupendezesha macho: taa ya bluu, matundu ya kuchajia simu, na maandishi kwamba inakinga mishtuko ya umeme. Shilingi 45,000. Ilishika plagi vizuri, hilo siwezi kuinyima. Ila matundu yamebanana. Chaja ya king'amuzi ikikaa inaziba na la jirani, ekstensheni ya matundu sita ikageuka ya manne. Na hiyo kinga watu wengi wanaielewa vibaya. Ndani mna vidonge vinavyoitwa varista, vinavyomeza umeme ukiruka juu ghafla kwa kufumba na kufumbua. Kila vikimeza vinachakaa, na siku vikiisha muziki utaendelea kama kawaida, wala hutajua. Umeme ukishuka hadi taa zinakuwa rangi ya chungwa, havifanyi lolote. Kazi hiyo ni ya stebilaiza, kifaa cha kusawazisha volti. Mimi umeme ukikatika nazima ampu kwa swichi yake, na ukirudi nasubiri dakika kadhaa kabla ya kuwasha. Dawa hiyo haina bei.

Ile ya taa ya bluu ikahamia chumbani. Nikamwendea fundi umeme wa mtaani.

"Fundi, nataka ekstensheni ya redio, isiyo na mbwembwe."

"Bosi, kanunue soketi za ukutani, za mbili-mbili. Mimi nitakufungia kwenye mbao."

Nikarudi Kariakoo na sumaku niliyoibandua kwenye friji. Pini za plagi zikiwa za shaba nyeupe ya kweli, sumaku haishiki. Zikiwa chuma kilichopakwa rangi, inang'ang'ania. Muuzaji wa duka la pili akacheka: "Mzee, unapima dhahabu?" Nikamwambia ndiyo. Plagi tatu zilinasa sumaku, ya nne ikakataa, nikachukua hiyo ya nne. Soketi mbili-mbili tatu na maboksi yake, plagi, na mita mbili za waya wa nyuzi tatu wa milimita mraba 1.5, shaba tupu, niliukwangua hapohapo. Pamoja na ufundi ikafika 62,000. Mbao ya mninga nilikuwa nayo.

Fundi kabla ya kufunga chochote alitoa mita akapima soketi ya ukutani. Kati ya waya wa moto na nyutro, ule wa kurudishia umeme, ikasoma volti 228. Kati ya waya wa moto na athi, 228 tena. "Nyumba yako ina athi," akasema, "wengine wana tundu tu." Kwenye plagi akatoa fyuzi ya 13 akaweka ya 5. Redio inatosheka nayo, na mtu akichomeka pasi na birika kwa pamoja, fyuzi itatangulia kufa kabla ya waya kupata moto.

Sasa sauti, maana najua ndiyo mnayoingoja. Sabufa yangu ilikuwa inavuma, mmm isiyokoma, hata muziki ukiwa umezimwa. Nilikuwa nimebadilisha waya wa kuiunganisha mara mbili. Kumbe ilichomekwa soketi ya pembeni, kompyuta soketi nyingine, athi mbili zimekutana kupitia waya wa sauti na kufanya mzunguko, na umeme wa nyumba unaimba humo kwa mizunguko yake 50 kwa sekunde. Vyote vilipokaa kwenye mbao moja, mvumo ukapungua hadi natakiwa kubandika sikio kwenye spika ndipo niusikie. Kwangu hiyo peke yake imelipa zile 62,000. Ila msikate waya wa athi ili kuua mvumo, kama wanavyoshauriana watu. Siku waya wa moto ukigusa bodi, utakayekuwa athi ni wewe.

Zaidi ya kuondoa mvumo, ekstensheni haibadilishi sauti. Ulaya zinauzwa ekstensheni za mamia ya pauni, pini zimepakwa rodiamu, metali ya bei mbaya, na wanaozinunua wanasema besi inakaza. Nilitaka kujua. Nikakaa nimewapa mgongo, mpwa wangu akawa anahamisha ampu kati ya mbao, ile ya taa ya bluu, na soketi ya ukutani. "Mjomba, usigeuke!" Mara kumi na mbili. Nilipatia tano. Na ndivyo inavyopaswa kuwa: ampu inaupokea umeme, inaupitisha kwenye transfoma, inaunyoosha, inaujaza kwenye kapasita zake, halafu ndipo spika zinapata chochote.

Pasi imepewa soketi yake ukutani. Juu ya mninga nimeandika kwa kalamu nene: REDIO TU. Juzi nimekuta chaja mbili za simu.