Uzoefu wangu na ndege ya bei chee Ulaya: muhuri ulionikimbiza Bergamo

Nawapa nyota moja, na hiyo moja ni ya rubani, maana alitutua Barcelona taratibu kama mtu anayeweka chini trei ya mayai. Wengine wote wa shirika hilo, kuanzia aliyebuni tovuti mpaka yule kaka wa getini, sina cha kuwapa.

Nasoma Ujerumani. Likizo ya kiangazi nilitaka kuzunguka Ulaya na begi moja mgongoni, kwa hela ya mwanafunzi, na mipango niliifanya mwenyewe. Ilienda vizuri tu. Ile tiketi ya mwezi ya treni za mikoa za Ujerumani inakufikisha hadi Salzburg, Austria. Wengi hawajui, wanakata nauli nyingine mpakani bure. Kutoka hapo nikashika basi hadi Venice, nikalala Mestre upande wa bara, ambako hosteli ni nafuu na treni ya kuingia kisiwani ni dakika kumi hivi. Mestre nayo ni manispaa ya Venice, kwa hiyo ile ada ya kuingia mjini waliyoianzisha 2024 kwa wageni wa kutwa haikuhusu, ila ujiandikishe mtandaoni uonekane umesamehewa. Chakula ni mkate, nyanya na jibini za supamaketi. Maji ya bomba. Maisha yakasonga.

Na kuhusu vibali, msinianze. Kibali changu cha kuishi Ujerumani, nikiwa nacho pamoja na pasipoti, kinaniruhusu kutembea nchi nyingine za Schengen, yaani zile za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa pasipoti mipakani mwao, siku 90 ndani ya kila siku 180. Nilikuwa halali kabisa.

Balaa likawa Bergamo, uwanja wa ndege ambao mashirika yanauuza kwa jina la Milan ilhali ukiwa Milan mjini unatafuta basi la karibu saa nzima kuufikia. Tiketi ya Barcelona ilikuwa bei ya kutupwa, chini ya chakula cha mchana pale mjini. Nimejisajili mtandaoni, pasi ya kupandia ndege nimeichapisha kwenye karatasi, nimevua mkanda, nimemwaga maji, nimepita ukaguzi. Nikasimama foleni getini na wenzangu.

Yule kaka alichukua karatasi, akaiona pasipoti yetu ya bluu ya Afrika Mashariki, akaweka kidole kwenye kisanduku kitupu pembeni mwa karatasi. "Muhuri uko wapi?" Muhuri gani? Hakujibu. Alininyooshea kidole nirudi kule nilikotoka, kisha akamwita anayefuata. Kidole tu! Hata mpiga debe wa stendi ukimkera anakutukana, angalau unajua mnaongea.

Sasa sikilizeni, maana hili, nilisoma miongozo mingi ya safari za bei nafuu nisilione popote. Yapo mashirika ya bei chee yanayotaka asiye raia wa Umoja wa Ulaya apite kwanza kwenye dawati lao, hati zake zikaguliwe, pasi igongwe muhuri, ndipo aende ukaguzi wa usalama. Hata kama unatoka Italia kwenda Hispania, zote Schengen, ambako kwa kawaida huonani hata na afisa uhamiaji. Kwenye karatasi imeandikwa, kwa herufi za kusoma na miwani ya bibi. Wanaoandika ile miongozo wengi wana pasipoti za hukohuko, muhuri hauwahusu, wataujulia wapi?

Nilishaanza kuchemka. Hotuba nzima ya ubaguzi ilikuwa mdomoni, mara kijana mmoja wa Australia nyuma yangu, mzungu mweupe pe, naye akarudishwa. Hotuba ikanikwama. Nimkasirikie nani sasa? Ila yeye aliambiwa "samahani sana" na akaelekezwa njia. Mimi nilipewa kidole. Naliandika kama lilivyotokea, pimeni wenyewe.

Tukatoka mbio wawili sisi, tukatokea upande wa wanaowasili, tukapanda ngazi hadi dawatini. Dada aliyekuwepo alikuwa anatafuna pipi. Akachukua karatasi yangu. Pasipoti hakuifungua. Kadi ya kibali niliyomwekea mbele yake hakuigusa. Akagonga muhuri, pa! akanisukumia karatasi. Nikamuuliza, huangalii kibali?

"Unacho?"

Ninacho.

"Haya basi."

Huo ndio ukaguzi wa hati! Ndio ulionitoa getini jasho linanitiririka mgongoni. Angenikagua kweli, akapiga simu, akaniuliza ninasoma wapi, ningemheshimu. Lakini wino tu?

Ukaguzi wa usalama mara ya pili, mkanda tena, foleni tena, huku kipaza sauti kinatangaza ndege yetu. Nafika getini, kaka yuleyule. Muhuri hakuutazama. Alitazama begi. Akanionyesha kile kifremu cha chuma cha kupimia. Begi nilishalipima kwa rula hosteli, 40 kwa 30 kwa 20, sawasawa na walivyoandika. Likazama, ikabaki mikanda juu. Nikaikandamiza kwa kiganja, ikaingia yote. "Hairuhusiwi kukandamiza." Nikatoa kadi ya benki. Faini ilizidi nauli.

Ndege yenyewe, niseme ukweli, ilikuwa safi na iliondoka kwa wakati. Na hata nikijumlisha ile faini, nililipa pungufu ya ninavyolipaga Dar kwenda Mwanza kwa ndege. Basi nyota mbili. Hapana. Nikikikumbuka kile kidole, inabaki moja.

Niliwaandikia malalamiko. Jibu likaja la mashine, linanishukuru kwa kusafiri nao na kuniomba maoni kuhusu vitafunwa. Sikununua vitafunwa.

Kwa wenye pasipoti kama yangu: ukifika eapoti nenda dawatini kwao kwanza, kahawa baadaye, udai huo muhuri hata wakikwambia hauhitajiki. Mnaotoka nyumbani kwa viza, ambao mmeshalipa euro 90 za maombi na kukata bima ya kima cha chini cha euro 30,000, msikubali kupoteza safari kwa ajili ya wino. Begi lipimwe likiwa limejaa, na mikanda ihesabiwe. Au pandeni treni: anayekuja kutoka nyumbani ananunua pasi ya Eurail, tiketi moja ya treni za nchi nyingi, anayeishi Ulaya, hata kama si raia, ananunua Interrail. Ila treni za kasi za Italia na Hispania zinataka ulipie nafasi ya kiti juu ya hiyo pasi, kwa hiyo huko nako mfuko haupumui.

Pale getini niliapa kwa Kiswahili, kwa sauti, kwamba ndege yao sipandi tena. Juzi wakatoa ofa ya Porto. Nimekata, kwenda na kurudi, na begi nimelilipia nafasi kabisa, kwa hasira.