Snapseed kwa picha za watu za nyeusi na nyeupe: uzoefu wangu

Snapseed ni programu ya bure, haina matangazo, na imekuwa mikononi mwa Google tangu mwaka 2012, walipoinunua Nik Software iliyoitengeneza. Kwa simu za leo hiyo ni mzee. Mimi naitumia kwa kazi moja tu: picha za watu, uso kwa karibu, nyeusi na nyeupe, kiza kizito upande mmoja na mwanga mkali upande wa pili. Kwa kazi hiyo sijaona sababu ya kulipia nyingine, ingawa kile kifaa chake chenye jina la kuvutia kuliko vyote ndicho ninachokigusa kwa tahadhari.

Nasema Drama. Anayeanza lazima akimbilie hapo. Ukibonyeza, kila mkunjo unachomoza, mawingu yanakuwa ya masika, na ukishusha Saturation hadi mwisho rangi zote zinaondoka. Kwa anga na kuta za zamani, sawa kabisa. Kwa uso wa mtu, hasa picha iliyopigwa kwenye mwanga hafifu, inaamsha chenga zote, yaani vile vidoadoa vya mwanga hafifu, zilizokuwa zimelala kwenye vivuli, na ngozi inatoka kama imepakwa majivu.

Utamu uko kwenye Black & White, tena si kwenye mitindo yake ya tayari bali kwenye zile filta za rangi: nyekundu, chungwa, njano, kijani na buluu. Zinafanya kazi ya vile vioo vya rangi ambavyo wapiga picha wa filamu walikuwa wakivifunga mbele ya lenzi. Rangi inayofanana na filta inang'aa, iliyo kinyume chake inaingia giza. Sasa, ngozi ya binadamu, iwe nyeupe au nyeusi tii, ina wekundu mwingi ndani yake. Ndiyo maana filta nyekundu inaung'arisha uso na kuficha mabaka, na ndiyo maana inasifiwa sana.

Kwa ngozi zetu naona inatupunja. Uzuri wa ngozi nyeusi kwenye picha ni ule mng'ao wa paji la uso na mfupa wa shavu dhidi ya weusi unaouzunguka. Mng'ao huo hauna rangi ya ngozi, ni mwanga tu unaorudi. Filta nyekundu inaipandisha ngozi hadi karibu na mng'ao, na uso unabaki bapa. Kijani inafanya kinyume: ngozi inazama, mng'ao unabaki palepale. Seydou Keïta, mpiga picha wa Mali aliyefungua studio yake Bamako mwaka 1948, alipiga watu kwa mwanga wa jua, na nyuso katika picha zake ni nyeusi bila kupauka wala kupoteza umbo. Buluu inazamisha zaidi hata ya kijani, lakini inaleta chenga. Sensa nyingi za kamera, yaani vile vipande vinavyopokea mwanga, zimetengewa nusu ya pikseli zake kwa kijani, robo tu kwa buluu.

Nguo nazo zina mambo yake. Shangazi yangu nilimpiga amejitanda kanga nyeupe yenye maua mekundu. Kwa filta nyekundu maua yote yalipotea, ikawa kama amejifunika shuka. Kwa kijani maua yakawa meusi, kanga ikarudi kuwa kanga, na mikunjo ya uso wake ikaonekana yote.

"Mbona umenizeesha hivi, mwanangu?"

"Shangazi, hiyo ndiyo sura yako."

"Basi ifute kidogo."

Kwa maombi kama hayo ipo Portrait, inayolainisha ngozi, lakini kwa picha za namna hii inafuta kile kile ulichokitafuta. Nilitumia Selective. Unaweka alama shavuni, unatanua eneo kwa vidole viwili, unapunguza Structure, ule ukali wa mikunjo, kidogo. Alama hizo ziwekwe kabla ya kuondoa rangi, maana programu inatambua eneo kwa rangi pamoja na mwanga. Picha ikishakuwa nyeusi na nyeupe, alama ya shavuni inaweza kumwagikia ukutani kama ukuta una mwanga uleule.

Kilichonifanya nisihame ni View Edits. Kila hatua uliyopita imehifadhiwa, unaweza kuirudia na kuipaka kwa kidole pale tu unapoitaka. Hapo Drama inapata kazi yake: naiweka kwenye kofia, kwenye nyuzi za kanzu, kwenye mikono ya mvuvi. Usoni haifiki.

Usiweke kamera kwenye hali ya nyeusi na nyeupe ukipiga JPG, kwani rangi zikishatupwa filta hazina cha kushika. Mwanga hauhitaji gharama. Mkalishe mtu ubavu kwa mlango wazi usiopigwa na jua moja kwa moja, zima taa za ndani, tundika baibui jeusi nyuma yake. Giza la namna hiyo ni la kweli, na kwenye simu hubakiwi na mengi ya kufanya.

Ukitaka kuchapisha, hifadhi kwa JPG ya 100% na ongeza mwanga kidogo kuliko macho yanavyotaka. Skrini inawaka yenyewe, karatasi haiwaki. Mashine za picha za rangi pia huweza kutia ukijani au uzambarau kwenye nyeusi na nyeupe, kwa hiyo agiza moja ndogo kwanza, uitazame nje ya duka, juani. Na mwambie fundi azime marekebisho ya moja kwa moja, la sivyo mashine itaona giza lako ni kasoro na kulipandisha hadi liwe kijivu.