Unga wa kugandisha mafuta yaliyotumika: unafaa kiasi gani kwa jiko la Tanga?

Ni chembe nyeupe, kwa kuziangalia tu utadhani sabuni ya unga. Kazi yake ni moja: kuyageuza mafuta ya kukaangia yaliyochoka kuwa donge unaloweza kulibandua kwenye karai na kulitupa pamoja na taka nyingine. Japani ni bidhaa ya kawaida ya jikoni. Malighafi yake ni mafuta ya nyonyo, yaani mbarika, ambayo kiwandani hutiwa haidrojeni mpaka yakawa magumu. Hapa tunaupima kwa nyumba ya Ngamiani au Chumbageni, yenye karai la samaki na bajia, na ambayo maji yake machafu yanaishia kwenye shimo la uani.

Shimo hilo ndilo linalotufanya tuuchukulie unga huu kwa uzito. Mafuta yakimwagwa kwenye sinki hupoa njiani na kunata kwenye bomba. Yanayofika shimoni huelea juu na kutengeneza utando mzito, na sehemu yake hupita mpaka kwenye shimo la kunyonya na kuziba vitundu vya udongo. Hapo ndipo shimo linapogoma kunywa maji. Gari la maji taka litanyonya kilichojaa, lakini udongo ulioziba hauzibuki kwa kunyonywa. Kumwaga mafuta pamoja na sabuni na maji ya moto hakusaidii. Unayasukuma tu mbele yakagandie mahali ambapo huwezi kupafikia.

Wapo wanaoshauri uyaache mafuta yagande yenyewe kwenye kopo. Ushauri huo ni wa nchi za baridi. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi joto 24 au 25, kwa hiyo Tanga siku nyingi ni maji matupu, isipokuwa labda asubuhi za Julai. Alizeti hayagandi kabisa. Mafuta ya mgando ya mawese ndiyo yanayosimama yenyewe, na hayo yasikugharimu unga.

Kipimo ni gramu 18 kwa mililita 600 za mafuta, sawa na gramu 30 kwa lita. Usikisie kwa kiganja. Kama umenunua pakiti kubwa, tumia mizani, au peleka dukani wakupimie mafungu. Mafuta yawe na nyuzi joto 80 au zaidi, lakini yasiwe yanatoa moshi. Wakati mzuri ni ukishamaliza kukaanga: zima gesi, chota makombo kwa chujio, subiri mafuta yatulie, kisha nyunyiza unga taratibu huku ukikoroga mpaka usione hata chembe moja. Kwa jiko la mkaa usinyunyizie juu ya moto. Ipua karai, liweke chini mahali ambapo mtoto hatapita, ndipo utie unga. Ukishakoroga, liache. Kwenye jiko lenye hewa ya baridi lisaa limoja linatosha, lakini kwa joto la Tanga mchana, na karai likiwa na kina, tegemea zaidi ya hapo. Wengi watapata nafuu wakigandisha usiku na kutupa asubuhi.

Likishika, pitisha mwiko pembeni mwa karai. Donge zuri hubanduka zima, rangi ya kahawia iliyofifia, na ukilibonyeza halitoi mafuta. Lifunge kwenye gazeti, kisha kwenye mfuko wa taka.

Likibaki kama uji, sababu ni mojawapo kati ya hizi: unga ulipungua, mafuta yalikuwa yamepoa, au kulikuwa na maji. Sababu ya pili utaitambua kwa punje nyeupe zilizolala chini bila kuyeyuka. Dawa yake ni kurudisha karai kwenye moto mdogo, ukisimama hapo hapo, mpaka punje ziyeyuke, kisha uongeze unga kama ulipungua. Kwa mchuzi au mafuta yaliyochanganyika na maji, usijisumbue na unga huu.

Tunaupa nyota nne kati ya tano kwa nyumba inayomwaga lita moja au mbili kwa mwezi. Kwa muuza chipsi au mihogo anayebadilisha mafuta kila baada ya siku chache, tunaupa nyota mbili: gramu 30 kwa kila lita ni gharama isiyo na sababu. Yeye ayaache mafuta yapoe kabisa, ayachuje, ayatie kwenye dumu na kumpa mtengeneza sabuni. Asiyatie yakiwa ya moto, hasa kwenye chupa za maji, maana plastiki yake huanza kulegea kwenye nyuzi joto 70 hivi.

Mbadala wa bure ni vumbi la mbao kutoka kwa fundi seremala. Mwagia mafuta yaliyopoa mpaka vumbi lishindwe kunywa zaidi, kisha tupa siku hiyo hiyo. Usilirundike uani kwa siku kadhaa, hasa likiwa na alizeti: mafuta hayo yakikutana na hewa ndani ya rundo hutoa joto, na rundo linaweza kujiwasha.

Kasoro kubwa ya unga huu inajitokeza wakati wa kuosha. Karai lililobanduliwa donge hubaki na utando mwembamba, na mkono unavutwa kulimwagia maji ya moto. Maji hayo yatauyeyusha utando pamoja na unga uliomo, na vikipoa ndani ya bomba vitaganda vigumu kuliko ambavyo mafuta yenyewe yangeganda. Futa karai kwa gazeti kavu mara mbili, mpaka karatasi itoke bila kung'aa, ndipo ulioshe.