Tahadhari: Tiketi za Britain's Got Talent haziuzwi, na aliyeniuzia bado yumo katika makundi yetu

Ndugu zangu wa Reading, Slough na London, pamoja na Waafrika Mashariki wengine wote mliomo katika makundi yetu hapa Uingereza, naandika haya nikiwa na hasira na aibu, na kati ya hayo mawili sijui lipi limenizidi. Kijana aliyetangaza mwezi uliopita kwamba anazo tiketi za fainali ya Britain's Got Talent, lile shindano la vipaji la televisheni, ya Jumapili tarehe 4 Juni 2023, ni tapeli. Wengi mnamfahamu, kwa kuwa ndiye aliyesimamia spika siku ya futari kule Slough, na ndiye aliyewapanga wapiga picha kwenye ile harusi ya Pasaka. Jina lake silitaji hapa kwa kuwa malalamiko yangu yamekwisha kufikishwa panapohusika, lakini mwenye haja ya kulijua aniulize faraghani nami nitamwambia bila kumung'unya maneno.

Hali ya nyumbani kwangu tangu Ghetto Kids, wale watoto wachezaji dansi wa Uganda, walipopanda jukwaani katika shindano hilo mnaijua. Usiku ule jaji Bruno Tonioli alipobonyeza kitufe cha dhahabu, kile kinachompeleka mshiriki moja kwa moja nusu fainali, huku watoto wa Kampala wangali katikati ya kucheza, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu kitufe hicho kianze kutumika, baba watoto alipiga kelele hadi jirani akagonga ukuta. Mama mkwe naye alikuwa ameshawasili, na akasema kwa utaratibu wake ule kwamba angependa kuwaona wajukuu wa nchi yake kwa macho yake mwenyewe kabla ya kurudi nyumbani. Nadhani kila mwanamke aliyeolewa anaelewa uzito wa kauli ya namna hiyo.

Nilipouliza katika kundi kama kuna anayejua tiketi zinapatikana wapi, kijana huyo hakunijibu hadharani bali aliniandikia pembeni. Alianza kwa shikamoo, akauliza hali ya watoto, akampa pole mume wangu kwa ule mguu, kisha akanieleza kwamba binamu yake ni fundi wa taa katika ukumbi wa Hammersmith Apollo, inakofanyika fainali, na kwamba mafundi hupewa nafasi za familia ambazo huwauzia watu wanaoaminika pale wasipozitumia. Bei ilikuwa pauni 65 kwa kila mtu. Tulikuwa watano, kwa hiyo jumla ni pauni 325, na nakumbuka aliongeza kwamba yeye hapati hata senti moja, anafanya hivyo kwa sababu "damu ni moja, dada yangu".

Nataka mwelewe kwamba sikumpa fedha mtu nisiyemjua. Alinipigia simu ya video, akanionyesha kompyuta yake, nami nikaona kwa macho yangu barua pepe yenye nembo ya kipindi, na chini yake jina langu likiwa limeandikwa kikamilifu, hadi lile jina la babu ambalo hata kazini hawalijui. Aliniuliza umri wa watoto wote wawili, akisema kwamba wenye watoto huwekwa upande wa kulia ili wasipitwe na kamera. Aliniuliza kama mama mkwe anaweza kupanda ngazi, na nilipomwambia kwamba magoti yanamsumbua, alinyamaza kidogo kama anayefikiri, kisha akasema ataongea na binamu yake ili tupewe viti vya chini. Siku ya pili yake alinitumia ujumbe wa sauti akinieleza kwa furaha kwamba jambo la mama limekubaliwa. Tapeli gani huulizia magoti ya mama mkwe wa mtu? Wanaonicheka sasa hivi wanijibu hilo kwanza.

Tiketi zilikuja jioni ile ile niliyolipa. Zilikuwa na safu, namba za viti, mlango wa kuingilia na ule mraba wa kuskani kwenye simu, na nilizichapisha kazini kwa rangi ili zisije zikaleta shida mlangoni.

Jumapili hiyo tulipanda treni kutoka Reading hadi Paddington, tukachukua ya chini ya ardhi mpaka Hammersmith, mama mkwe akiwa amevaa gomesi yake ya zambarau na mkanda wake, watoto wakiwa na bendera za Uganda mashavuni. Watu walimpiga picha mama njiani, naye alifurahi. Tulisimama katika foleni muda mrefu juani bila kulalamika. Tulipofika mbele, dada wa mlangoni aliskani karatasi ya kwanza, mashine ikalia mlio mbaya. Akajaribu ya pili, ikalia vile vile. Akaifuta mashine kwa mkono wa shati lake, akajaribu tena. Kisha akaniuliza, kwa upole ambao ulinichoma kuliko angenifokea, nilizipata wapi. Nilimwambia nimezinunua. Ndipo akanieleza, mbele ya mama mkwe na mbele ya foleni nzima iliyokuwa nyuma yetu, kwamba tiketi za kipindi hiki hazijawahi kuuzwa, kwamba hutolewa bure kwa watu walioziomba kwa majina yao, na kwamba namba za viti zilizoandikwa kwenye karatasi zangu hazina maana yoyote, kwa kuwa watazamaji hupangiwa viti wakishafika.

Mume wangu alianza kubishana, nikamvuta mkono. Mtoto mdogo aliuliza kama Ghetto Kids wamekataa tusiingie. Mama mkwe hakuelewa Kiingereza cha yule dada, kwa hiyo ilibidi mwanawe amtafsirie kila neno, likiwemo neno la kwamba mkwe wake amelipa pauni 325 kwa kitu kinachogawiwa bure. Wakati tunasogezwa pembeni, nilimwona baba mmoja akiwa na binti zake wawili, ameshika karatasi kama zangu. Nilimwomba anionyeshe: safu ile ile, na namba za viti zile zile. Yeye alizipata kupitia kundi jingine, na kwake magoti hayakutajwa, ila alikuwa ameahidiwa kwamba binti zake wangepiga picha na majaji.

Nilimpigia kijana wetu pale pale kando ya barabara. Simu iliita mara moja ikakatwa, na ujumbe wangu mpaka leo una tiki moja. Fainali tuliitazama kwenye simu ya mume wangu tukiwa ndani ya treni, picha ikikwamakwama, na alipotangazwa mshindi yule mchekeshaji wa Norway mwenye vizibao vya kung'aa vya mafundi wa barabara, hakuna aliyecheka.

Sasa nimeambiwa na watu wawili wanaoaminika kwamba huyu bwana, kwa namba nyingine ya simu, ameanza kutangaza nafasi za Strictly Come Dancing, shindano la dansi la BBC, za msimu wa vuli. Hilo ndilo lililonifanya niache kulia chumbani na kuandika. Zipo sauti zinazoninong'oneza kwamba tumsitiri kwa kuwa ni kijana wetu, kwamba wazazi wake ni watu wa heshima, na kwamba tukiyapeleka mambo kwa wazungu tunajidhalilisha wenyewe. Nawaheshimu wazee waliosema hivyo, lakini sikubaliani nao hata kidogo. Yeye hakutusitiri sisi pale Hammersmith. Alichagua kutuibia sisi kwa sababu alijua kwamba tutaona haya kusema, akajificha ndani ya shikamoo zake kama kupe kwenye manyoya ya kondoo. Sheria ya udanganyifu ya nchi hii ya mwaka 2006 inampa mtu wa aina hiyo kifungo cha hadi miaka 10, na mimi naiona hiyo ni michache. Atolewe katika makundi yote leo, si kesho. Asiguswe tena na shughuli yoyote ya jumuiya, iwe spika, iwe picha, iwe kukusanya michango ya msiba. Arudishe fedha za kila mtu, aanze na yule baba mwenye mabinti, kisha asimame ukumbini Slough aeleze kwa mdomo wake binamu fundi wa taa ni nani na anaishi wapi.

Kwa wale wanaotaka kujua la kuangalia, nitasema kwa kifupi, maana nikikumbuka napandwa na hasira upya. Tiketi za kurekodi vipindi vya namna hii nchini Uingereza ni bure. Za Britain's Got Talent huombwa katika tovuti ya Applause Store, na za Strictly hutolewa na BBC kwa bahati nasibu, hivyo yeyote anayekutajia bei amekwisha kujitambulisha. Hata ile ya halali haikuhakikishii kiti, kwa sababu waandaaji hutoa nyingi kuliko viti vilivyopo ili ukumbi usibaki na mapengo, na wanaochelewa hurudishwa. Kwa hiyo anayekuahidi kiti fulani chini upande wa kulia anakudanganya. Zipo shoo ambazo tiketi zake huuzwa kweli, kama Royal Variety Performance, lile onyesho la kila mwaka mbele ya familia ya kifalme, anayoalikwa mshindi wa Britain's Got Talent, lakini hizo nunueni kwa ukumbi wenyewe au kwa muuzaji aliye mwanachama wa STAR, chama cha wauza tiketi. Halafu kuna la benki. Nilipokuwa namtumia fedha, programu ya benki ilinionya kwamba jina nililoandika halilingani na la mwenye akaunti, naye akanijibu papo hapo kwamba akaunti ni ya mke wake. Mke wake! Nyote mnajua kwamba hana mke.

Aliyemlipa kwa ajili ya Strictly apige 159 sasa hivi, namba itakayomuunganisha na benki yake mwenyewe, aseme ametapeliwa, kisha aripoti kwa Report Fraud (zamani Action Fraud), kituo cha taifa cha kupokea ripoti za udanganyifu, kwa 0300 123 2040 apewe namba ya kumbukumbu. Mimi yangu ninayo. Msifute mazungumzo yenu naye, hata yale ya shikamoo na ujumbe wa sauti. Nitumieni, pamoja na jina la akaunti mliyolipia, kwa sababu tayari mimi na yule baba tumelinganisha na majina ya akaunti zetu ni mawili tofauti, na benki yangu imeniambia kwamba kila jina jipya litakalopatikana litasaidia. Viongozi wa makundi, nasubiri kuona kama atakuwa bado yumo ifikapo jioni.