Fangasi ukutani wametoa, vumbi la asbesto nani ataliondoa?

Jina la kampuni silitaji, sitaki kesi na mtu. Nataka tu mwenye nyumba ya zamani hapa Mwanza asome hili kabla hajawafungulia watu geti eti wamekuja "kuondoa vitu hatarishi kwa usalama". Ndivyo walivyojitangaza kwangu, kwa usalama. Nikilikumbuka hilo neno nasikia kichefuchefu.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba hawa si wababaishaji. Wangekuwa wababaishaji ningewalaani siku moja nikasahau. Kazi wanaijua.

Nyumba yetu iko Isamilo, aliinunua marehemu baba. Nyuma kuna jiwe, na watu wa Mwanza mnajua nikisema jiwe sisemi kokoto. Limeizidi nyumba kwa urefu. Mvua ikinyesha, maji yote ya huko juu yanateremka na kutulia kwenye msingi wa chumba cha nyuma, chumba anacholala mjukuu wangu mwenye pumu. Fangasi ilianza na madoa meusi nyuma ya kabati, masika yanaisha nayo imefika usawa wa dirisha. Kila fundi rangi aliyepita alifanya yaleyale: anakwangua juu juu, anapiga jiki, anapaka rangi, anachukua chake. Vuli ikianza tu rangi inavimba na kubanduka.

Hawa walipokuja, kijana mmoja hakugusa hata ukuta. Alizunguka nyuma, akaingia katikati ya jiwe na nyumba, sehemu ambayo hata kuku hapiti vizuri, akatoka na matope hadi magotini. Akaniambia, "Mama, huku ndiko ugonjwa ulipo. Ukuta unakunywa maji toka chini. Tukisafisha ndani bila kuchimba mtaro, mwakani utatuita tena." Miaka yote natoa hela, hakuna fundi aliyewahi kuniambia hivyo! Wote walikuwa wanafurahia kuitwa tena.

Wakachimba mtaro, wakaupa mteremko maji yatoke kwenda barabarani. Ndipo wakaingia ndani, na ndani nako walinifurahisha. Walizima feni na kuweka nailoni nzito mlangoni, wakaibana kwa gundi kila upande. Ukuta waliulowesha kwanza ndipo wakakwangua. Ukiikwangua fangasi ikiwa kavu, vumbi lake linaruka na kusambaa nyumba nzima, na kwa mtoto wa pumu hilo ni balaa. Silingibodi iliyokuwa imeoza waliitia kwenye mifuko humohumo chumbani, wakafunga, wakatolea dirishani badala ya kupita nayo sebuleni. Plasta iliyolegea wakaigonga yote. Nikamuuliza yule kijana kuhusu jiki, akasema jiki inang'arisha juu tu, kwenye plasta haifiki ndani, na hata fangasi iliyokufa bado inakereketa kifua, dawa ni kuitoa. Tena akamkaripia mwenzake aliyetaka kuchanganya jiki na dawa ya chooni kwenye ndoo moja. Hewa inayotoka pale inaweza kumwangusha mtu.

Wakauacha ukuta ukauke kabla ya rangi. Mimi nilikuwa na haraka, yeye akakataa. Nilimpenda.

Ningeishia hapa mngesema nimelipwa kuwasifia. Sasa sikilizeni.

Upande wa uani kuna stoo na jiko, na paa lake ni yale mabati ya asbesto, ya kijivu, mazito, ya enzi hizo. Moja lilikuwa na ufa kwenye kona na maji yalikuwa yanaingilia hapo. Msimamizi wao alikuja siku hiyo na shati lake limepigwa pasi. Siku za matope hatukumwona. Akatazama juu akasema, "Haya tunatoa, tunaweka bati jipya, dakika mbili tu." Nikauliza mnatoaje. Akasema nisiwe na wasiwasi, ni utaalamu wao. Tangazo lao lenyewe liliandika asbesto, na mimi nikaingia ndani kupika.

Nikasikia grenda.

Wasiojua, grenda ni ile mashine ya kukatia chuma na vigae, inalia hadi meno yanauma. Nikatoka mbio. Kijana yuleyule yuko juu ya paa, anakata bati la asbesto kavu, hakuna tone la maji, mdomoni ana barakoa ya kitambaa. Vumbi linashuka jeupe, taratibu, halina haraka. Chini kuna kamba ya nguo. Pembeni ya kamba nimeanika dagaa kwenye turubai, dagaa wazuri wa Mwaloni, wa kupeleka Dodoma kwa mdogo wangu. Nikainama. Wale dagaa mnajua wanavyong'aa wakikauka. Walikuwa wamefifia. Nikagusa mmoja, kidole kikatoka na unga laini kuliko wa ngano. Na mjukuu wangu amekaa kizingitini anatazama mashine!

Nilipiga kelele hadi jirani wa juu akachungulia. Kijana akazima, akashuka. Msimamizi hakusogea hata hatua. Hadi dakika hiyo nilikuwa "mama", ghafla nikawa "anti". "Anti, haya mabati yalikuwepo hapa kabla hujazaliwa. Mbona hujafa?"

Nimeirudia hiyo sentensi kichwani kila nikienda kulala. Mbona hujafa. Kwenye uwanja wa baba yangu, mbele ya mtoto.

Basi nimjibu hapa, maana siku ile hasira ilinifunga mdomo. Sijafa kwa sababu hakuna aliyewahi kuyakata! Kaka yangu alifanya kazi kitengo cha usalama mgodini huko Geita, na nilimpigia palepale. Bati la asbesto ni saruji iliyochanganywa na nyuzi. Likiwa zima na halisumbuliwi, nyuzi zimeshikwa na saruji. Ukilikata, ukilitoboa, ukilivunja au ukilipiga kwa maji ya presha, nyuzi zinatoka, na ni nyembamba kiasi kwamba jicho halizioni. Lile vumbi nililoliona kwenye dagaa ndilo la kuonekana. Lenye kuua linabaki hewani kwa masaa. Ukilivuta linakaa kwenye mapafu, na saratani yake haiji wiki ijayo. Inaweza kuchukua miaka 20, 30, hata 40. Kwa hiyo "mbona hujafa" ni swali la mtu asiyejua anachouza. Shirika la Afya Duniani linasema aina zote za asbesto zinasababisha saratani. Uingereza walipiga marufuku kabisa mwaka 1999, Afrika Kusini wakafuata 2008, na hao wa kusini walikuwa wanaichimba wenyewe. Huku kwetu mtu anaikata juu ya kitoweo.

Kaka alinieleza inavyotakiwa, na hakuna hata kimoja kinachohitaji mashine ya mamilioni. Watu na nguo vinaondolewa kwanza uani. Bati linaloweshwa kwa maji ya kunyunyiza yenye sabuni kidogo. Zinafunguliwa au kukatwa nati na kulabu, bati lenyewe haliguswi, linashushwa zima mkono kwa mkono, halitupwi chini. Linafungwa kwenye nailoni nzito tabaka mbili na kuandikwa lina nini. Anayefanya kazi anavaa ovaroli ya kutupa na barakoa yenye kichujio maalumu, kitambaa ni sawa na kutovaa kitu. Sasa niambieni, watu waliolowesha ukuta wa fangasi, waliofunga mlango kwa nailoni, waliokataza ndoo ya jiki, walishindwaje kumwaga maji kwenye bati? Hawakushindwa. Msimamizi alikuwa na haraka ya kwenda kwa mteja mwingine.

Tena haikuishia hapo. Kuona nimekasirika, akamwambia kijana achukue ufagio wa chelewa afagie uwanja. Afagie! Vumbi likiwa kavu hivyohivyo. Ule ufagio niliunyakua mimi mwenyewe. Nikachukua mpira wa maji, nikafungulia kidogo, nikalowesha uwanja wote, tukafuta kwa matambara mabichi na matambara yakaenda kwenye mfuko. Nguo za kwenye kamba sikuzikung'uta, nilizilowesha. Dagaa nilifunga kwenye turubai lao hilohilo, na Dodoma hawakufika. Thamani yake si kubwa, lakini nililia.

Nikamuuliza vipande vinakwenda wapi. "Vinapakiwa kwenye guta, Buhongwa, dampo." Nikamuuliza kibali cha kubeba taka hatarishi kiko wapi, maana Sheria ya Mazingira ya 2004 inakitaka. Akacheka, akasema NEMC, lile baraza la mazingira, ni mambo ya viwanda. Nikamuuliza na OSHA, wale wa usalama kazini, je, kuna sheria ya usalama mahali pa kazi tangu 2003, huyu kijana wako umemkinga na nini? Akasema kijana hajalalamika.

Hajalalamika! Kijana wa ishirini na kitu atalalamikaje kwa bosi anayemlipa kwa siku? Ana umri wa mwanangu wa mwisho. Akianza kukohoa akiwa na miaka 55, nani atakumbuka paa la Isamilo? Mimi nilivuta kidogo nikiwa chini, yeye alikuwa na pua juu ya diski inayozunguka. Hapo ndipo hasira yangu ilipobadilika sura, nikaacha kuwaza dagaa.

Na jirani yangu, Mungu amsaidie, akaja jioni kuniomba vile vipande aezekee banda la kuku. Nilimkatalia akanuna, hadi leo salamu zake ni za kukata.

Sasa nyota za kuwapa hii kampuni. Nilikuwa nimeamua moja, na hiyo kwa sababu sifuri hairuhusiwi. Lakini mvua zimenyesha juzi, za kweli, zile za radi ziwani usiku kucha, nikaingia chumba cha nyuma asubuhi na kupapasa ukuta. Mkavu. Harufu ile ya kiroba kilicholowa hakuna. Mtoto pumu bado anayo, siwezi kudanganya, ila usiku analala. Kwa ukuta wanastahili nne, labda tano. Sijawahi kupata kazi ya unyevu iliyofanywa kwa akili namna ile hapa mjini. Halafu nikitazama stoo naona bati lililokatwa nusu, limefunikwa nailoni, na nyota zote zinaruka tena. Mtu akiniuliza niwaite kwa fangasi? Ndiyo, waite, ila ushinde hapo. Kwa asbesto? Hata bure wasikanyage. Hapana, hata kwa fangasi sijui, maana anayepokea simu ni msimamizi yuleyule.

Ile nailoni, kwa taarifa yenu, kampuni haikuileta. Kijana alikuja mwenyewe Jumapili moja, bila sare yao, akapanda ngazi akafunika vipande na kubana kona. Kabla hajagusa kitu alilowesha kwanza, sikumwambia. Hela nilimpa, akasita kuipokea. Nilimpa pia barakoa aliyonitumia kaka, ya vichujio, nikamwambia asimuazime mtu. Kaka ananitafutia wenye kibali waje kuyatoa mabati yaliyobaki.

Wananipigia sasa wanadai salio. Salio lipo, nimeliweka kwenye bahasha. Aje kijana alichukue na asaini. Akija yule wa shati la pasi, mbwa nimemfungulia.