Kadi za grafiki zenye chipu mbili: ipi ilistahili bei yake?

Kijana mmoja wa Ntinda, Kampala, anayehariri video za kwanjula, yaani sherehe za kutambulishana kabla ya ndoa, aliniletea sanduku zito kama tofali. Ndani mlikuwa na Radeon R9 295X2 ya AMD, kadi ya grafiki, yaani ile inayochora picha za kompyuta: chipu mbili kwenye kadi moja, mipira miwili ya maji, na rejeta yake kama ya kigari cha mtoto. Muuzaji alikuwa amempa sifa mbili tu: ina GB 8, na ilipotoka iliuzwa dola 1,499. La bei ni kweli. La GB 8 ni nusu ya kweli, na nusu hiyo ndiyo inayowaponza watu.

Kila chipu ina memori yake ya GB 4, na zote mbili hubeba nakala ya vitu vilevile. Kwa hiyo gemu huona GB 4, si 8. Kazi yenyewe hugawanywa kwa zamu: hii ichore picha ya kwanza, ile ya pili. Gemu lisipoandikiwa utaratibu huo, chipu moja hukaa bure kama dereva wa akiba aliyelala kwenye basi la usiku la kwenda Arua. Na hata utaratibu ukiwepo, picha zinaweza kutoka bila mpangilio, namba za kasi zikawa juu huku jicho likiona kigugumizi.

Kupanga kadi hizi, kipimo changu ni kimoja: kadi mbili za kawaida zenye chipu ileile, ukizinunua kila moja peke yake, zingekugharimu kiasi gani siku hiyohiyo?

Kwa kipimo hicho, ya kwanza ni GTX 690 ya Nvidia, ya mwaka 2012. Iliuzwa dola 999 wakati GTX 680 moja, yenye chipu moja ileile, ilikuwa 499. Hukulipia ujanja wa kuziunganisha, na ilikula wati 300 badala ya 390 za kadi mbili. Kasoro yake ni memori, GB 2 kwa kila chipu, na hiyo ndiyo iliyoizeesha mapema. Lakini kwa siku ya kwanza sokoni, ni hii peke yake ninayoweza kuitetea bila kusitasita.

Ya pili ni hiyo ya kijana wetu, 295X2 ya Aprili 2014. R9 290X mbili, kadi za kawaida zenye chipu hiyo, zilikuwa dola 1,098, kwa hiyo kama dola 400 zilikwenda kwenye maji na ustadi. Sioni kuwa ni wizi, maana 290X ilikuwa na joto na kelele, na hapa maji yaliituliza kweli. Waliosubiri hadi baadaye mwaka huo waliipata kwa dola 999, na hao ndio walionunua vizuri.

Ila leo, Kampala, hadithi ni nyingine. Kadi hii peke yake hula wati 500. Ukiitumikisha kikamilifu saa nne kwa siku, ni yuniti mbili za Yaka, umeme wetu wa kulipia kabla, yuniti 60 kwa mwezi, kabla hujahesabu kompyuta yenyewe na skrini. Inataka pawasaplai ya maana, si yale masanduku mepesi yanayokuja ndani ya kompyuta za mitumba. UPS ndogo, ile betri ya akiba ya kompyuta, italia na kuzima umeme ukikatika. Tena pampu na maji yake vimefungwa kiwandani tangu 2014. Pampu ikichoka, sijui fundi utakayempelekea.

HD 7990 ya AMD, ya 2013, naiweka ya tatu: dola 999, GB 3 kwa kila chipu. Ilitoka Aprili, lakini draiva, programu inayoiendesha kadi, ya kutuliza kile kigugumizi ikaja Agosti. Mteja wa kwanza alilipa bei kamili kwa kitu kisichokwisha kupikwa. Radeon Pro Duo ya Aprili 2016 iko nyuma yake. Dola 1,499 kwa GB 4 kila chipu, na mwezi uliofuata ikatoka GTX 1080 ya Nvidia: chipu moja, GB 8, wati 180, dola 599.

Mkiani ni Titan Z ya Nvidia, ya 2014. Dola 2,999! Titan Black mbili, zenye chipu moja kila moja, zilikuwa 1,998. Kwa dola ya 2014, hiyo elfu moja ya ziada ilikuwa kama shilingi milioni 2.5 za Uganda. Ilikuwa na GB 6 kwa kila chipu na ilifaa mahesabu ya kisayansi, lakini Titan Black mbili zilifanya kazi hiyohiyo.

Kwa mnunuzi wa leo hakuna hata moja ninayoipendekeza, labda kwa kupamba rafu. Nvidia iliacha kuongeza mipangilio mipya ya SLI, utaratibu wake wa kugawa kazi kwa chipu mbili, kwa kadi hizi kuanzia 2021. Mwaka huohuo AMD iliacha kuzihudumia chipu za 295X2, 7990 na Pro Duo kwa draiva mpya, na Blender 3.0, programu ya kutengeneza picha za 3D, ikaacha kuzitumia kwa kukokotoa picha kwa injini yake ya Cycles.

Nilimwambia kijana arudishe, atafute RTX 3060 ya GB 12, kadi ya Nvidia ya chipu moja. Ilitoka 2021 kwa dola 329, hula wati 170, na kwa kuhariri video memori yote ni yake. Kama ni gemu tu na mfuko ni mdogo, RX 6600 ya AMD ya wati 132 inatosha. Ukienda kununua 3060, angalia vizuri: ipo pia ya GB 8, nayo ni dhaifu zaidi. Usiamini stika ya boksi. Mwambie muuzaji aichomeke mbele yako, fungua GPU-Z, programu ya kukagua kadi, soma jina la chipu na memori, ndipo utoe pesa.